Uzamili wa Uchambuzi wa Data: Tuitazame Geita na Shinyanga Kabla ya Kuuza Shamba

 

Wazee wengi wa Unguja na Pemba wana suali moja siku hizi. Kijana amemaliza shahada ya kwanza, kazi hajapata, sasa anataka uzamili wa uchambuzi wa data. Ada yake ni ya kuuza shamba la mikarafuu au kukopa benki. Je, inafaa?

Tuutazame ukanda wa dhahabu wa Bara, kwani huko nambari ndiyo mali yenyewe. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, upande wa Kahama mkoani Shinyanga, mwaka 2001. Katika tani nzima ya mwamba hupatikana gramu chache tu za dhahabu. Kwa hiyo mgodi huishi kwa sampuli, vipimo vya maabara na hesabu za kila siku: mwamba upi usagwe, upi uachwe, gari lipi litengenezwe kabla halijaharibika.

Mwaka 2017 nchi nzima iliona uzito wa nambari hizo. Serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli na kueleza kuwa dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyotajwa. Kampuni ya Acacia ikakanusha. Makontena yale yale, hesabu mbili. Makubaliano na Barrick yalitangazwa Oktoba 2019: malipo ya dola milioni 300, na hisa ya asilimia 16 kwa Serikali katika migodi yake. Asiyekuwa na watu wake wa kuhesabu hulazimika kukubali hesabu ya mwengine. Ndiyo maana Imam Ghazali aliitia elimu ya hisabu katika fardhi kifaya.

Hata hivyo, haja ya elimu ni jambo moja na haja ya cheti ni jambo jengine. Kanuni za kimataifa za kutangaza akiba ya madini zinamtaka mtaalamu anayeidhinisha hesabu awe na uzoefu wa angalau miaka mitano katika aina ile ya madini, na awe mwanachama wa chombo cha taaluma yake. Uzamili si sharti.

Tena mtazameni Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini. Alifanya kazi kwanza, ndipo mwaka 1951 akaandika tasnifu ya uzamili juu ya kukisia dhahabu ya Witwatersrand kwa sampuli chache. Njia iliyotokana na kazi hiyo ina jina lake na inatumika duniani kote. Alikwenda chuoni akiwa na suali lililotoka kazini.

Basi uzamili unamfaa anayetaka kufundisha chuo kikuu au kufanya utafiti, na aliyekwisha ajiriwa akakwama penye elimu zaidi. Anayeukimbilia kwa kuwa hajapata kazi huenda akatoka baada ya miaka miwili na deni, na bado hana kazi ya mkono wake ya kumuonesha mwajiri. Huyo ni bora ajifunze vyema takwimu na kutumia hifadhidata, ashike fani moja kama jiolojia, uhasibu au afya, kisha atafute mafunzo kazini, hata kwa ujira mdogo.

Kwa upande wa sharia, mkopo wa riba hauhalalishwi na jina la elimu, na uzamili wa aina hii haujafika daraja ya dharura. Tafuteni ufadhili, au kijana asome huku akifanya kazi. Na shamba likiwa ni mirathi ambayo haijagawiwa, baba au kaka hana ruhusa ya kuliuza kwa ajili ya mtoto mmoja bila ya ridhaa ya warithi wote, wakiwemo dada zake. Haki ya yatima haiuzwi kwa ada ya chuo.

Mwisho, mchambuzi wa data ni mshika mizani. Sura ya al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na anayepotosha takwimu kumridhisha bosi wake anapunja vile vile. Mleeni kijana katika uaminifu kabla ya kumtafutia shahada ya pili.

Wallahu aalam.