Mraibu Hatibiwi Nusu

Yapo maswali ambayo mtu angedhani hukomea katika kumbi za vyuo vikuu, kumbe yamekwisha kubisha hodi milangoni mwetu. Mojawapo ni lile linalowagawa wanasaikolojia tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879. Je, nafsi ya mwanadamu hueleweka kwa kuivunjavunja hadi vijisehemu vyake vidogo kabisa, au hueleweka tu inapotazamwa kamili, pamoja na watu na mahali palipoizunguka? Mkabala wa kwanza nitauita upunguzi, maana huipunguza tabia hadi ikabaki seli na kemikali. Wa pili nitauita ujumla.

Hapa Shella, Malindi, swali hili linaitwa unga. Heroini iliingia katika mji huu katika miaka ya 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya vijana waliokuwa wakiivuta wakaanza kujidunga, na kwa sindano zilizochangiwa, virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini vikapata njia mpya. Kila jamaa inapogundua kwamba mmoja wao amekuwa teja, mjadala wa Leipzig huzuka upya barazani. Huyu husema ni maradhi ya ubongo, apelekwe hospitali akapewe dawa. Yule husema ni ukosefu wa kazi, ni marafiki, ni malezi. Wakati wao wakibishana, kijana anazidi kuteketea.

Haki ya upunguzi tuitoe kwanza. Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walidhihirisha kwamba ubongo una vipokezi maalumu ambavyo dawa za jamii ya afyuni hunasa ndani yake kama ufunguo katika kufuli. Ndiyo sababu arosto si uvivu wala ukaidi. Ni mwili unaodai kile ulichokwisha kuzoezwa. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walikuwa wameonyesha kwamba mraibu anayepewa methadoni huweza kurejea kazini na nyumbani. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, lakini kipimo kimoja cha methadoni hutuliza kiu kwa siku nzima. Mwaka 2015 tiba hiyo ilianza kutolewa katika hospitali ya serikali ya Malindi. Asiyeuthamini ujuzi huo wa vipokezi na kemikali na aulize mama ambaye mwanawe ameacha kumwibia sufuria.

Hata hivyo, ujuzi huo una mipaka. Katika vita vya Vietnam, askari wengi wa Marekani walitumia heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea nyumbani mwaka 1971, akakuta kwamba karibu mmoja katika kila watano alikuwa mraibu alipokuwa vitani. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao walionaswa tena, na wengi wao hawakupata tiba yoyote. Ubongo wao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mahali, watu na shughuli za kila siku.

Sasa, msomaji, linganisha askari huyo na kijana wetu. Yule alirudi nyumbani, akaiacha heroini ng'ambo ya bahari. Wa kwetu anapotoka katika makao ya kurekebisha tabia, anakorudi nyumbani ndiko uliko unga: uchochoro ule ule, maskani ile ile, wenzake wale wale. Na hapa ndipo ubishi wa kambi mbili unapoyeyuka, kwa maana maskani ile huiamsha kiu ndani ya ubongo ule. Mazingira hayako nje ya ubongo, yameandikwa humo. Anayetaka kuutibu ubongo bila kuigusa maskani anakausha sakafu huku mfereji ukimwagika.

Lakini wafuasi wa ujumla nao wasishangilie mapema. Wapo wanaosema "sababu ni nyingi" kisha wakakunja mikono, kana kwamba kuzitaja zote ni kuzitatua. Ukosefu wa ajira ni balaa, lakini vijana wengi wasio na kazi hawajagusa unga. Tena kijana anayetetemeka kwa arosto usiku wa leo hawezi kungoja hadi uchumi wa Pwani utengenezwe. Kumnyima dawa kwa madai kwamba tunamtazama kiumbe kamili ni ukatili uliovikwa maneno mazuri.

Historia nayo inatuonya dhidi ya kuyaabudu majina ya mikabala. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, wakati wa ukoloni, aliandika mwaka 1953 kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, na harakati za kudai ardhi na uhuru zikasomwa kama tatizo la nafsi. Huo ulikuwa upunguzi uliomnyima mtu utu wake. Je, ujumla ulikuwa kinga? Aliyelitia neno hilo katika falsafa ya Kiingereza, kwa kitabu chake cha mwaka 1926, ni Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki mwaka 1916 na ambaye katika siasa za Afrika Kusini aliunga mkono ubaguzi wa rangi. Alisifu ukamilifu wa vitu vyote ulimwenguni, akashindwa kuuona ukamilifu wa jirani yake mweusi.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Tusiwafundishe wanafunzi kuchagua kambi kama wachaguavyo timu ya kandanda. Tuwafundishe kuuliza: maelezo haya yanajibu swali gani? Vipokezi vinaeleza kwa nini kuacha ni kugumu. Havielezi kwa nini kijana huyu alianza, wala atakuwa nani baada ya kuacha. Mradi wa Omari, ulioanzishwa Malindi katika miaka ya 1990, ulilijua hilo ulipounganisha ushauri, makao ya kurekebisha tabia na kazi ya kuwafuata watumiaji mitaani.

Shule zetu nazo zina deni. Mwanafunzi akikutwa na unga, barua ya kumfukuza huandikwa siku hiyo hiyo. Kumfukuza ni upunguzi wa namna yake: kijana kamili amefanywa kosa moja. Tena tunamkatia walimu, wenzake wa darasani na ratiba ya siku, yaani vitu vile vile ambavyo tiba itavihitaji kesho, kisha tunamkabidhi kwa maskani inayomngoja. Apelekwe kliniki, ndiyo. Lakini dawati lake libaki mahali pake, na jina lake liendelee kuitwa.