TUELEWE MICHEZO: Mwamuzi alifukuza mtu ambaye hakukosa



Munajua namna inavyokuwa kisha mechi. Kila lupango inageuka uwanja wa pili. Baba anasema ile goli haikuwa goli. Mjomba anasema arbitre alikula franga. Kijana anasema wote wawili hawajui sheria. Sauti zinapanda, na mwisho mama anazima radio ili watoto walale.

Mwezi huu tutazame maamuzi mawili ya waamuzi, yote mawili juu ya timu yetu ya taifa, Léopards, katika Kombe la Dunia la mwaka 1974, kule Ujerumani ya Magharibi. Yote mawili yanagusa mtu mmoja, mlinzi wa TP Mazembe, Mwepu Ilunga. Uamuzi mmoja watu wanaucheka mpaka leo, lakini pale mwamuzi alikuwa na haki. Ule mwingine wengi wameusahau, na pale mwamuzi alikosa vibaya sana.

Ile siku ya Brésil

Tuanze na ile inayojulikana. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Léopards wanacheza na Brésil. Wabrazili wanapata mpira wa adhabu, ule tunaita coup franc, karibu na goli letu. Wetu wanapanga ukuta. Filimbi inalia. Kabla Mbrazili hajagusa mpira, Mwepu anatoka mbio katika ukuta na kuupiga mbali, mbali kabisa! Mwamuzi, Nicolae Rainea wa Romania, anamwonyesha karte ya njano.

Wazungu walicheka sana. Walisema: «Tazameni, hawa Waafrika hawajui hata sheria za mpira.» Na hata sisi wenyewe, wangapi kati yetu tumerudilia ile maneno?

Sheria inasemaje? Wachezaji wa upande ule mwingine wanapaswa kusimama mbali na mpira metre 9,15, mpaka mpira upigwe. Filimbi haisemi «yeyote anayetaka apige». Inamwambia tu mwenye coup franc kwamba sasa anaweza kupiga. Anayetoka katika ukuta mbele ya wakati anapata karte ya njano, na coup franc inarudiliwa. Kwa nini hakupata nyekundu? Kwa sababu karte nyekundu ni ya makosa mazito zaidi: kupiga mtu, kutukana, kuzuia kwa ubaya goli iliyokuwa inaingia. Mwepu hakuumiza mtu. Basi Bwana Rainea aliamua sawa.

Na Mwepu, hakujua sheria kweli? Alijua. Miaka mingi kisha, yeye mwenyewe alieleza kwamba alifanya kwa kusudi. Wachezaji walikuwa hawajalipwa franga walizoahidiwa. Tena, alisema, kabla ya mechi ile watu wa Rais Mobutu waliwatisha kwamba wasipigwe goli nne. Yeye alichoka kuvunjika miguu kwa faida ya wengine waliokuwa wamekaa wanatazama tu. Alitaka kufukuzwa uwanjani. Brésil walishinda 3–0.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia tena mtu anacheka ile coup franc, umwambie: yule hakuwa mjinga. Alikuwa mtumishi ambaye hakulipwa. Wewe unayefanya kazi ya machimbo utaelewa haraka kuliko wale waliocheka.

Siku nne mbele yake

Sasa turudi nyuma siku nne, tarehe 18 Juni, katika mji uleule. Léopards wanacheza na Yougoslavie. Ilikuwa siku mbaya: mwisho tulipigwa 9–0. Lakini sitaki kusema juu ya goli tisa. Nataka kusema juu ya dakika ya 22.

Yougoslavie wametia goli ya nne. Wachezaji wetu wanazunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombie, wanakataa ile goli. Katika fujo ile mtu mmoja anampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi anageuka. Hakuona nani. Anatoa karte nyekundu na kumwonyesha Ndaye Mulamba.

Aliyepiga teke hakuwa Ndaye. Alikuwa Mwepu. Mwepu mwenyewe alikubali kwamba ni yeye. Mmoja alikuwa mlinzi, mwenye kuvaa namba 2. Mwingine alikuwa mshambuliaji, mwenye kuvaa namba 13. Namba hizi mbili hazifanani! Lakini Ndaye ndiye aliyetoka, na timu ikabaki watu kumi.

Kumbukeni Ndaye alikuwa nani. Miezi mitatu mbele, mwezi wa Machi 1974, kule Misri, alitia goli 9 katika Kombe la Afrika, na mpaka leo hakuna mtu aliyefikia hesabu ile katika kombe moja. Fainali na Zambie ilichezwa mara mbili, 2–2 na kisha 2–0, na goli zetu zote nne zilikuwa zake. Alienda Ujerumani kama mshambuliaji mkubwa wa timu ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika Kombe la Dunia. Kombe lake likaisha kwa dakika 22 ya mechi ya pili, kwa teke la mtu mwingine. Siku ya Brésil hakucheza.

Ndaye alikufa mwaka 2019 katika Afrika ya Kusini. Mwepu alikufa mwaka 2015. Hakuna aliyefuta ile karte katika kitabu.

Leo ingekuwaje?

Sheria inasema mwamuzi anaweza kubadili uamuzi wake akiona amekosea, lakini kabla mchezo haujaanza tena. Mchezo ukisha kuanza, mara nyingi imekwisha. Mwaka 1974 mwamuzi hakuwa na televisheni ya kumsaidia. Alikuwa na macho yake mawili, na nyuma ya kichwa hakuna macho.

Tangu mwaka 2018 sheria imekubali waamuzi wa video. Hao hawaingilii kila kitu. Mwaka ule, kazi yao ilikuwa mambo manne tu: goli, penalti, karte nyekundu ya moja kwa moja, na la nne ni hili letu: mwamuzi kumpa karte mtu asiyekosa. Na juu ya hili la nne, sheria inaruhusu kurudi nyuma hata kama mchezo umekwisha kuanza tena. Wenye sheria waliona kwamba kumwadhibu mtu badala ya mwingine ni jambo ambalo haliwezi kungoja. Lakini kwa Ndaye, msaada ule ulichelewa zaidi ya miaka arobaini.

Na nyumbani kwako?

Baba, mama, nyinyi pia munapiga filimbi kila siku. Sahani inavunjika. Franga ya mkate inapotea. Mtoto mdogo analia. Unageuka ukiwa na hasira, na mkono unaangukia yule aliye karibu, ao yule ambaye umezoea kumshitaki. Katika lupango hakuna video. Kuna kitu kimoja tu: kuuliza kwanza, kutazama vizuri «namba», kisha kuamua. Na ukisha kujua kwamba ulikosea, mwite yule mtoto na kumwambia mbele ya wenzake: «Nilikosea, haikuwa wewe.» Heshima yako haitaanguka. Kosa la mwamuzi linaweza kufutwa nyumbani kuliko uwanjani, kwa sababu nyumbani mchezo hauishi.

Na wewe kijana uliyepiga teke, na ukaona ndugu yako anatolewa nje: sema upesi, kabla filimbi haijalia tena. Kisha pale, hata ukikubali, karte imekwisha kuandikwa kwa jina la mwingine.

Mubakie na amani. Mwezi ujao tutaongea juu ya hors-jeu, ile inayovunja urafiki katika lupango zetu!