Manukato Hayazibi Tundu



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inaingia chini ya boneti. Sababu ni jambo lililotokea uani kwangu, Njombe, mwezi wa Julai, pale mpwa wangu alipokuja kututembelea pamoja na mkewe na binti yao wa miaka sita. Waliwasili Alhamisi usiku kutoka Dar es Salaam kwa gari ambalo kwake ni jipya, ingawa kwa umri ni kongwe: gari dogo la michezo lililokwisha kutumika Japani, lenye injini ya lita 2 na turbo.

Asubuhi ya Ijumaa aliliwasha ili lipate moto. Baridi ilikuwa kali, na nyasi zilikuwa bado zimelowa umande. Nilikuwa barazani, na harufu ya petroli ikanifikia hata kabla mngurumo haujatulia. Nilimwomba azime mara moja.

"Mjomba, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Gereji mbili za Dar zimelitazama, hazikuona kitu. Wanasema magari ya turbo ndiyo harufu yake."

Nilifungua mlango. Ndani yametundikwa manukato matatu. Mama wa mtoto akanieleza kwamba binti alitapika mara mbili njiani, nao wakadhani ni kona za mlima Kitonga. Nilipowauliza kama waliisikia harufu ile safarini, wazazi walisema waliisikia mwanzoni kisha ikaisha. Haikuisha. Pua ya mtu huizoea harufu kwa dakika chache, kisha huacha kuitolea habari. Ndiyo maana anayeingia garini kutoka nje ni shahidi bora kuliko dereva.

Hatua tano kutoka pale palikuwa na jiko la mkaa, na chai inachemka. Tulilisukuma gari kwa mikono hadi upande wa pili wa ua, dhidi ya upepo, na jiko likazimwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujikusanya mashimoni, na hulifuata jiko pasipo mtu kuuona. Tena petroli haihitaji joto ili itoe mvuke huo, kwani hufanya hivyo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kwa gari la turbo hatari huongezeka. Turbo ni gurudumu linalozungushwa na moshi wa injini, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Gari likipanda mlima kwa nguvu, ganda la turbo huweza kupita nyuzi joto 700 na likawa jekundu gizani. Petroli huweza kuwaka yenyewe, bila ya cheche, kwa joto lisilofika nusu ya hilo. Tone likidondoka pale halihitaji kiberiti.

Kabla ya kushika spana, fundi hushika maswali. Nilimuuliza mpwa wangu harufu hutokea lini hasa. Akafikiri, akasema: Dar haisikiki ila kwa nadra, Kitonga, walipokuwa wakiyapita malori, ilikuwa kali, na sasa hapa, asubuhi, ndiyo kali kupita zote.

Majibu hayo yalifaa kuliko gereji zote mbili. Katika injini ya namna hii, pampu husukuma petroli kwa nguvu ya paundi 43 hivi, wakati tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 au zaidi kidogo. Injini ikiwa inanguruma pale pale iliposimama, nguvu hiyo hushuka hadi 35 hivi. Lakini dereva akikanyaga na turbo ikasukuma hewa kwa paundi 14, kifaa kinachorekebisha mafuta hupandisha nguvu yake kwa kiasi hicho hicho, ikafika 57. Kwa hiyo gari linaloletwa gereji likasimama likinguruma, huchunguzwa katika saa ambayo lina sababu ndogo kabisa ya kuvuja. Hiyo ndiyo Kitonga. Na baridi ya asubuhi je? Mpira uliozeeka hukakamaa na kusinyaa ukipoa. Injini ikipata moto hutanuka tena na kuziba. Nikamwambia tufanye haraka, kwani jua likipanda mwizi atajificha.

Tulianza nyuma kuja mbele. Kifuniko cha tangi kilikuwa kizima, na kifuniko cha pampu chini ya kiti cha nyuma kilikuwa kikavu. Nikachomoa kimpira chembamba cha hewa kinachoingia kwenye kirekebishi cha mafuta. Kama ngozi yake ya ndani ingekuwa imechanika, petroli ingetoka humo. Kilikuwa kikavu. Nikavuta kijiti cha kupimia oili na kuinusa: oili ilinuka oili. Basi nozeli hazikuwa zikimwaga mafuta ndani ya silinda.

Ndipo tulipoona unyevu kandokando ya nozeli moja. Mpwa wangu akafurahi. "Ni oringi hii, mjomba. Nitanunua nne, tubadilishe." Wengi wangeishia hapo. Lakini mahali palipolowa si lazima pawe ndipo panapovuja. Nilipafuta pakakauka, nikachukua karatasi laini nyeupe, nikaizungusha kwenye ncha ya waya. Mke wake akatuazima kioo chake kidogo cha mkoba, na tukatumia tochi ya betri, si taa ya balbu yenye kioo cha kuvunjika. Mpwa akafungulia ufunguo bila ya kuwasha injini. Pampu husukuma mafuta kwa sekunde mbili hivi, kisha husimama. Tukarudia mara tano. Karatasi iliyogusa nozeli ilitoka kavu. Nilipoipenyeza ndani zaidi, chini ya manifodi ya kuingizia hewa, ilitoka imelowa.

Pale, mahali mkono usipopita, pana kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole, kinachounganisha mabomba mawili ya chuma. Petroli ilichuruzika kutoka kwenye ncha yake, ikafuata bomba, ikatua kwenye nozeli. Nilipoubonyeza kwa bisibisi, mpira ule ulikuwa mgumu kama mti.

Saa nne, jua lilipokwisha kulipasha gari, tulirudia jaribio lile lile. Karatasi ilitoka kavu. Mpwa wangu aliitazama kwa muda mrefu. "Basi Dar hawakunidanganya," akasema. Ni kweli, hawakudanganya. Walitazama saa isiyo yake.

Ugomvi wetu ulianzia hapo. Ruhusa yake ya kazi ilikuwa inakwisha Jumapili, na mipira mipya haikupatikana Njombe. Alitaka tukaze klipu, aende polepole, akatengeneze Dar. Nikamweleza kwamba mpira uliokakamaa ukikazwa hupasuka, na kwamba mingine mitano iliyo chini ya manifodi ile ina umri ule ule. Akasema mimi ni mwoga. Nikamjibu: "Gari ni lako, na ufunguo huu hapa. Lakini mtoto na mama yake watapanda basi."

Alikaa kimya, akatoka uani. Niliporudi kutoka msikitini alasiri nilimkuta amekwisha kumpigia simu mkubwa wake wa kazi.

Mipira ililetwa na basi la kutoka Dar siku ya Jumapili. Nilikuwa nimeagiza ile iliyoandikwa ubavuni SAE 30R9, iliyotengenezwa kwa injini za nozeli. Ule wa bei nafuu unaotumika kwenye kabureta hauvumilii nguvu hii, ijapokuwa kwa macho wanafanana. Klipu nazo zilikuwa za ukanda laini, kwani zile zenye matundu huukata mpira. Kabla ya kufungua chochote tulichomoa fyuzi ya pampu, tukaiwasha injini mpaka ikazima yenyewe kwa kukosa mafuta, tukaiacha ipoe, kisha tukatoa waya wa hasi wa betri. Kizima moto cha unga kilikuwa karibu, pamoja na ndoo ya mchanga. Maji hayafai, petroli huelea juu yake na kuendelea kuwaka. Tuling'oa manifodi, tukabadilisha mipira yote sita na gasketi.

Asubuhi mbili zilizofuata, kabla ya jua, tulirudia karatasi na kioo. Pakavu. Siku ya safari niliyaondoa manukato yote matatu, nikamwita mjukuu wangu kutoka ndani ya nyumba aingie garini kwanza, peke yake, milango ikiwa imefungwa usiku kucha.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya viti, babu."

Ndugu msomaji, ukisikia petroli ndani ya gari lako, liwe la turbo au la kawaida, zima, washushe watu, usilirudishe barabarani. Liache lilale kwa fundi ili alitazame alfajiri likiwa limepoa, na umweleze saa na mahali harufu hutokea. Akikuonyesha unyevu, mwombe aufute na kukuonyesha unapotoka. Na mtoto akilalamika kichwa au kichefuchefu garini, msiseme ni kona tu mpaka muwe mmefungua boneti.

Wabillahi tawfiq.