Mfumo Haukubali: Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data

Kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data,
Nairobi.

MINT: HAKI YA MKENYA KUANDIKWA JINA LAKE

Mheshimiwa Kamishna,

“Mfumo haukubali.” Maneno haya husikika kwenye madirisha ya benki, sacco na bima anapofika mteja mwenye ritifaa katika jina. Karani hana kosa. Ameandika Ng'ang'a kama alivyosoma kwenye kitambulisho, skrini ikamrudishia Ngâ€™angâ€™a, akafuta, akaandika Nganga, foleni ikasonga. Tangu siku hiyo mteja ana majina mawili. Rekodi za mwajiri zikilinganishwa na za bima, kompyuta inaona watu wawili, na mwenye jina ndiye anayetafuta wakili wa kumwandikia hati ya kiapo kwamba wote wawili ni yeye.

Takataka zile za skrini zina asili inayojulikana. Ritifaa ziko mbili: iliyonyooka, iliyomo tangu 1963 katika ASCII, jedwali la awali la herufi za kompyuta, na iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuulizwa. Katika UTF-8, usimbaji wa kisasa wa herufi, ile iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Mfumo wa zamani unaosoma kwa jedwali la Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja, hukuta tatu na kuchapisha tatu: â, €, ™.

SMS nayo haikupona. Kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ikiingia ritifaa moja iliyopinda, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Sacco inayowatangazia wafugaji bei ya ng’ombe kwa herufi 150 italipia jumbe tatu badala ya mmoja.

Hali ni mbaya zaidi kwa Wakikuyu, Wakamba, Waembu na Wameru. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Alama hiyo ya juu hubadilisha neno zima: guka ni babu, gũka ni kuja. Sasa tazama majedwali yaliyorithiwa. ASCII ina nafasi 128, na ũ haimo. ISO 8859-1 ya 1987, iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya Magharibi, ina ã na õ za Kireno na ñ ya Kihispania, zote zenye kiwimbi kilekile kichwani, lakini ĩ na ũ hazimo. Wanjikũ akipita humo hutoka Wanjik?, au Wanjiku akibahatika. Unicode, jedwali la pamoja la lugha za dunia, ilianza kutoka mwaka 1991, na leo ina herufi zaidi ya 150,000, zetu zikiwemo. Kisingizio cha kukosa herufi kimekwisha muda mrefu.

Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kesi kama hii. Mteja wa benki alitaka jina lake liandikwe na alama yake. Benki ikajitetea kwamba programu yake ya 1995, iliyotumia EBCDIC, jedwali la IBM la miaka ya 1960, haikuweza, na kwamba kuibadilisha ni gharama na muda. Mahakama ilikataa: haki ya kusahihishiwa data chini ya kifungu cha 16 cha sheria ya Ulaya haifutwi na uzee wa kompyuta. Mwezi uliofuata, Kenya ilitia saini Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo kifungu chake cha 40 kinampa mwananchi haki hiyohiyo.

Ni kweli kwamba mfumo mkuu wa benki haung'olewi kwa wiki moja, na mitandao mingine ya malipo hupokea herufi za kawaida tu. Pasipoti imeshaonyesha njia. Ukurasa wa picha unaweza kubeba jina na alama zake, huku mistari miwili ya chini, ile ya kusomwa na mashine, ikitumia A hadi Z, tarakimu na alama moja ya kujazia. Jina kamili linahifadhiwa, lililorahisishwa linatolewa pale tu linapohitajika.

Kwa hiyo Ofisi ya Kamishna inaombwa kutoa mwongozo kwamba “mfumo haukubali” si jibu halali kwa ombi la kusahihishiwa jina, na kwamba mfumo wowote mpya ujaribiwe kabla ya kununuliwa kwa Ng'ang'a wa ritifaa zote mbili, Wanjikũ na Mũthoni.

Rekodi za zamani zinahitaji uangalifu wa pekee. Hakuna programu itakayorudisha ritifaa zilizofutwa, kwa sababu wapo watu ambao jina lao halisi ni Nganga. Anayejua ni mwenyewe, na taasisi ziagizwe kumuuliza atakaporudi dirishani.