Chombo na Udongo: Kabla ya Kupanda Mboga Mlangoni



Tangu tulipoongea juu ya lengalenga, swali linalorudi kwenye vikundi ni lilelile: mama asiye na shamba karibu, anayetaka kupanda mboga hapa hapa kwenye parseli, aanze na chombo gani, na akijaze udongo gani? Wengine wanakimbilia kuuliza mbegu. Mbegu si shida. Kichwa kimoja cha lengalenga kilichokomaa, ukikikung'uta kwenye ungo, unapata mbegu za kutosha kugawia majirani. Wanaoanza wanaangushwa na chombo na udongo, kwa hiyo leo tubaki hapo.

Mnajua kwa nini swali hili limekuwa kubwa huku Kabambare. Shamba liko mbali, na kuna wiki ambazo njia hairuhusu mama kwenda peke yake. Wako pia wamama waliofika na watoto na mzigo wa kichwani, wanalala kwa jamaa, na ardhi wanayokanyaga si yao. Mama wa namna hiyo akilima tuta kwenye parseli ya watu, siku akiambiwa ahame anaacha mboga yote nyuma. Akipanda kwenye bidoni, anabeba bidoni lake. Na hata mwenye parseli yake mwenyewe, mbuzi wa jirani hamwachii jani likue.

Swali la kwanza si ukubwa wa chombo. Uliza kwanza: chombo hiki kilibeba nini?

Shambani mzizi unatembea, mvua inasafisha, udongo ni mwingi. Ndani ya chombo mzizi umefungwa. Unakunywa kile tu kilichomo, na kama ukuta wa chombo umelowa sumu, mboga itakunywa, na mtoto atakula. Bidoni la manjano la lita 20 lililobeba mafuta ya kula ni zuri sana. Kopo la mafuta ya msaada, ndoo iliyopasuka, beseni lililotoboka, chungu chenye ufa, sufuria isiyopikika tena, gunia la mchele, vyote hivi ni vyombo safi. Vioshe kwa maji ya moto na sabuni, basi.

Bidoni lililobeba petroli au mazutu, liache. Plastiki inakunywa mafuta hayo, na hata ukisugua kwa mchanga na sabuni mara kumi, siku ya jua kali utasikia harufu yake. Chombo cha dawa ya kuua wadudu, hicho usikilete hata nyumbani. Afadhali kitobolewe na kupasuliwa, ili asipatikane mtu wa kukiokota na kuchotea maji. Sanduku la betri ya gari, ambalo wengine wanaliona kama sanduku zuri la maua, lina risasi, madini ileile inayofanya risasi za bunduki. Risasi ikiingia kidogo kidogo kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo wake, na ubongo huo haurudi. Huenda mtoto anayeadhibiwa shuleni kila siku kwa kutoshika somo hana kosa lolote.

Huku kwetu kuna jambo jingine, na nitalisema wazi. Teritwari yetu ni ya dhahabu. Kule Salamabila na Namoya, na kwenye karieri ndogo nyingi, familia zinaishi kwa dhahabu, na simlaumu mtu kwa kutafutia watoto chakula. Lakini viwanda vya dhahabu vinatumia sianidi, na wachimbaji wa mikono wanatumia zebaki, ile dawa ya majimaji inayong'aa, inayokamata dhahabu halafu inachomwa motoni. Pipa au bidoni lililotoka huko, hata likiuzwa kwa bei ya chini namna gani, lisiwe la mboga. Hata mchanga wa mahali pa kusafishia dhahabu usiuchukue, ingawa unaonekana mweupe na laini. Zebaki inapita kutoka kwa mama mja mzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mchanga wa kuchanganya chukua kijitoni, juu ya mahali ambapo watu wanasafishia, kamwe si chini yake.

Sasa ukubwa. Lengalenga haihitaji kina kirefu. Lala bidoni la lita 20 kwa ubavu, kata upande wa juu kwa kisu, utapata kama mtumbwi mdogo wenye kina cha sentimita 20 hivi. Humo lengalenga inaota vizuri. Matembele pia yanaridhika humo. Pilipili inataka chombo cha lita 10 kwa mche mmoja. Tomati ni mlaji mkubwa: mche mmoja, chombo cha lita 20 kilichosimama, na kijiti cha kuuegemeza. Ukipanda tomati nne kwenye ndoo moja kwa sababu ya huruma ya kutotaka kung'oa miche, utavuna majani. Dongodongo, ambayo wengine wanaita bamia, nayo inapeleka mzizi chini sana, kwa hiyo ipe chombo kirefu.

Kwa anayeanza nasema: vyombo vitatu tu. Viwili vya lengalenga, kimoja cha pilipili. Nimeona kikundi kikianza na vyombo thelathini kwa siku moja, na baada ya wiki tatu hakuna aliyekumbuka zamu ya maji.

Matundu ni lazima. Chombo kisicho na tundu ni kisima, na mzizi unazama humo kama mtu. Washa moto, pasha msumari mnene au kipande cha chuma, toboa matundu nane hadi kumi kwenye sakafu ya chombo, kila moja kama ncha ya kidole kidogo. Fanyia nje, watoto wakiwa mbali, kwa sababu moshi wa plastiki si mzuri kifuani. Halafu weka chombo juu ya mawe mawili au vipande vya matofali, maji yapate njia.

Na hapa nitabishana na mafundi. Wengi wanafundisha kwamba ujaze mawe chini ya chombo ili maji yatoke. Mawe hayo hayasaidii. Maji yanakaa kwenye udongo juu ya mawe, kama yanavyokaa kwenye sponji iliyowekwa juu ya sahani, na wewe umepoteza nafasi ya mizizi. Kinachotoa maji ni matundu na udongo mwepesi. Kama unaogopa udongo utatoka, weka majani makavu ya ndizi juu ya matundu, yanatosha.

Tena angalia jua. Bidoni jeusi au kopo la chuma likipigwa na jua la saa nane linapika mizizi. Lizungushie majani au gunia kuukuu, au liweke mahali ambapo jua la asubuhi linafika na la mchana linapungua. Chungu cha udongo hakichemki hivyo, lakini kinakausha maji haraka kwa sababu kinapumua, na wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kitataka maji asubuhi na jioni.

Tufike kwenye udongo, maana hapa ndipo wengi wanashindwa huku wakidhani ni mbegu mbaya.

Mtu anachimba udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba, anajaza bidoni, anamwagilia. Siku ya tano umekuwa tofali. Udongo ule shambani unalegezwa na mchwa, minyoo na mizizi ya nyasi. Ndani ya bidoni hakuna wa kuulegeza. Kwa hiyo udongo wa chombo unachanganywa. Kipimo chochote kinafaa, kopo au sahani, mradi kiwe kilekile: vipimo viwili vya udongo mweusi wa juu, ule unaopatikana chini ya migomba au pembeni ya msitu, kipimo kimoja cha mbolea iliyoiva, kipimo kimoja cha kitu cha kulegeza.

Mbolea iliyoiva maana yake haina joto wala harufu kali, na huwezi tena kutambua ilikuwa nini. Mavi ya mbuzi au ya kuku yakitoka bandani moja kwa moja kwenye chombo yanaunguza mizizi, na ya kuku ndiyo makali zaidi. Yarundike pamoja na majani na maganda ya ndizi, yafunike, yageuze mara kwa mara, yape miezi miwili au mitatu. Choo cha watu kisiguse kabisa mboga ya majani.

Kitu cha kulegeza tunacho bure, na tunakitupa. Kila mahali penye mashine ya mpunga, Kasongo na Kabambare, kuna mlima wa makapi. Mpunga uliletwa Maniema na watu wa pwani katika karne ya 19, siku za Tippu Tip, na leo hatujui kula bila huo. Lakini makapi yake tunayaacha yaoze au tunayachoma mpaka majivu. Yasiwekwe mabichi kwa wingi, kwa sababu yakioza ndani ya chombo yanakula chakula cha mmea na majani yanageuka manjano. Yachome nusu: washa moto mdogo, rundika makapi juu yake, geuza kwa jembe mpaka yawe meusi, halafu mwagia maji kabla hayajawa meupe. Hayo makapi meusi ni mepesi, yanashika unyevu, na yanaacha maji ya ziada yapite. Asiyeyapata atumie mchanga wa mto ulio safi, au vumbi la makala lililobaki chini ya gunia.

Majivu ya jiko ni mazuri, lakini kwa kiasi: ngumi moja kwa bidoni zima inatosha. Yakizidi, udongo unakuwa mkali. Na yawe majivu ya kuni tu. Mahali wanapochomea takataka pamoja na sashe na betri za redio, majivu yake usiyatumie.

Jinsi ya kujua mchanganyiko umekaa vizuri: loanisha kidogo, shika ngumi moja, bana, fungua mkono. Ukibaki donge gumu lenye alama za vidole hata ukiligusa, ongeza makapi. Ukimwagika wote kama mchanga, ongeza mbolea. Ukishika umbo, halafu ukaachana kwa kuguswa na kidole, panda. Watoto wa darasa la nne wanaweza kufanya kipimo hiki, na wanakipenda kuliko hesabu za ubaoni.

Kwa udongo wa kuoteshea miche midogo ya tomati na pilipili, mwagia maji yanayochemka kwanza, acha upoe siku moja, ndipo upande. Ile miche inayoanguka ghafla, shingo ikiwa imelainika karibu na udongo, inauawa na kuvu iliyo ndani ya udongo, na maji mengi yanaisaidia kuvu hiyo. Usimwagilie kwa saa, mwagilia kwa kidole: kizamishe hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, subiri kesho.

Gunia nalo niliseme, kwa sababu kikundi chenye nafasi ndogo kinaweza kulima kwa kwenda juu. Kule Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi wa mwisho wa 2007, familia nyingi zilifundishwa bustani ya gunia na shirika la Kifaransa la Solidarités, kuanzia 2008. Unasimamisha gunia la mchele, unaweka katikati kopo lisilo na chini wala juu, unajaza kokoto ndani ya kopo na udongo mchanganyiko kuzunguka. Udongo ukifika juu ya kopo, unalivuta kopo juu na kurudia, mpaka gunia lijae na ubaki na nguzo ya kokoto katikati. Msishangae, mimi niliyekataa mawe chini ya bidoni: hapa mawe ni mfereji wa kushusha maji mpaka mizizi ya chini, ambayo bila hivyo ingebaki kavu. Kisha unatoboa ubavuni na kupachika matembele, na juu unapanda vitunguu au tomati. Chagua mahali kabla ya kujaza, maana likishajaa halihami. Na jua linakula gunia. Baada ya mwaka mmoja au miwili litapasuka.

Lengalenga iliyopandwa kwenye udongo mzuri mnaanza kuikata baada ya wiki nne hivi. Msiing'oe, kateni mkiacha kisiki cha kama sentimita 10, nayo itachipua tena. Osheni majani vizuri, pikeni na mawese. Majani mabichi yana vitamini A na chuma, na mafuta yanausaidia mwili wa mtoto kuchukua hiyo vitamini. Mtoto anayekula bukari na chumvi tu jioni, hata mkono mmoja wa majani haya unabadilisha sahani yake.

Baada ya mavuno usitupe udongo. Umimine juu ya gunia, toa mizizi, ongeza kipimo kimoja cha mbolea iliyoiva kwa kila vipimo vitatu, uanike jua siku mbili, ujaze tena. Ila chombo kilichobeba tomati kisibebe tomati, pilipili wala biringanya msimu unaofuata, kwa sababu hizo ni ndugu na magonjwa yao ni mamoja. Weka humo maharage au lengalenga, halafu tomati irudi baadaye.