Hivi, Yule Binti Yuko Wapi?

Wiki hii kijiwe chetu kinahamia kusini, kule Mbinga na ufukwe wa Ziwa Nyasa. Lakini kabla ya kushuka ziwani, tupite kwanza jukwaani, maana habari yenyewe inaanzia kwenye mchezo wa kuigiza.

Kama wewe umezoea vichekesho vya runinga, ambavyo mwanamke kazi yake ni kufumania na kupiga mayowe, basi mtafute Penina Muhando. Ndiye Profesa Penina Mlama, yule mama wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake ya Nguzo Mama ilitoka mwaka 1982. Mambo yanatokea kijiji cha Patata, ambako akina mama wanataka kusimamisha nguzo. Nguzo nzito hasa, inataka mikono yote.

Hapo ndipo kasheshe linapoanza! Mmoja baada ya mwingine wanachomoka. Huyu kavutwa na mambo ya mume, yule kafiwa na ndugu wa marehemu wamekuja kukomba mali, mwingine ana shida zake. Kila aliyeondoka ana sababu, na ukiisikiliza utamwonea huruma. Nguzo nayo inagoma kusimama.

Cha kuchekesha na kuumiza ni majina yao. Bi Pili, Bi Tatu, mpaka Bi Nane. Namba tupu, kama masufuria ya dukani!

Sasa shuka nami ziwani. Kule Mbinga Wamatengo wana kilimo chao cha mashimo ya ngoro, kinachozuia udongo usiporomoke mlimani. Kwa desturi, mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga, mwanamke anachimba udongo na kuzifukia. Ukiteremka mpaka Liuli au Mbamba Bay, wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, utakuta wanaume wanatoka na mitumbwi, na akina mama wanaanika dagaa. Kwa kifupi, ukimwondoa mwanamke, nguzo ya huko nayo haisimami.

Lakini wanaondoka. Tena si kwa kuchukuliwa na majini wala mamba! Binti kamaliza darasa la saba, matokeo hayajatoka, anakuja "shangazi" kutoka mjini, kajipaka mafuta mpaka anang'aa. Anamwahidi mzazi kwamba mtoto atasomeshwa ushonaji. Kesho yake binti yuko kwenye basi na mfuko wa rambo. Ukiuliza, jibu ni moja tu, "Kaenda mjini." Basi, yameisha! Mjini wapi? Kwa nani? Hapo kila mtu anaangalia ziwa.

Sasa nisikilize vizuri wewe mtoto wa mjini unayejiona haikuhusu. Huyo aliyetoweka Liuli mbona unamwona kila siku? Ndiye anayekufungulia geti Sinza. Ndiye anayekuosheaga jinzi lako la kutokea Jumamosi. Mnamwita "dada", na mgeni akiuliza jina lake mnaanza kutazamana. Kule anajulikana jina lakini hajulikani alipo, huku anajulikana alipo lakini hana jina. Bi Pili mwingine huyo!

Mama Mlama na mwenzake, Profesa Amandina Lihamba, hawakuishia kwenye vitabu. Mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe wanakaa, wanataja yanayowatoa shuleni, wanayatungia mchezo, halafu wanauonyesha mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao. Mchezo ukiisha, mjadala unaanza. Hapo mzee mzima hawezi kusema hakujua, maana kaonyeshwa hadharani! Baadaye shirika la FAWE likaupeleka Tuseme nchi nyingine za Afrika.

Na sheria zipo, jamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Kumchukua mtoto kwa ahadi za uongo ili akatumikishwe ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu. Hata wale waliokuwa wakifutwa kwenye daftari la shule kwa sababu ya ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi darasani wakishajifungua. Lakini utamrudishaje mtu ambaye hata alipo hapajulikani?

Ndiyo maana nawaambia vijana wa Mbamba Bay, ufukwe mnao, ngoma mnazo. Pigeni mganda watu wajae. Akina mama wakiingia na kioda, waacheni nafasi wazi za waliokosekana. Kisha mmoja asimame aite majina, moja moja, jina la binti na la baba yake. Pasipojibiwa, kimya. Halafu umati uulizwe, alichukuliwa na nani, simu yake ya mwisho ilipigwa lini? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na wewe wa Sinza, kazi yako ni nyepesi. Leo jioni muulize dada jina lake kamili, kwao ni wapi, na mara ya mwisho kuongea na mama yake ilikuwa lini. Kisha mpe simu aongee, nawe utoke nje usimsikilize. Ukiona ni mtoto anayeteswa, Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, bure.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Ila jina lake uwe umeshalijua!