Filamu zinazochukuliwa kwetu zionwe kwetu kwanza

“Mulitukamata picha, mukaenda nazo. Zilifikaka wapi?”

Swali hilo nimelisikia Oicha, nimelisikia Boikene hapa Beni, na tangu katikati ya mwaka 2024 ninalisikia sana Butembo, kwa familia zilizokimbia Kanyabayonga, Kayna na Kirumba wakati waasi wa M23 walipopanda kuelekea kaskazini. Wanaouliza hawaulizi kila mara kwa hasira. Wengine wanacheka. Lakini wanauliza sisi tuliobaki hapa, kwa sababu wenye kamera wamekwisha kurudi Kinshasa, Nairobi au Ulaya, na namba waliyoacha haipatikani.

Ninazungumzia filamu fupi za hali halisi, za dakika tano, kumi au ishirini, zinazoonyesha maisha ya mtu wa kawaida: baba anayelala na watoto sita katika darasa la shule, mwanamke aliyerudi kutoka msituni, kijana wa chukudu. Ndugu zetu Watanzania wanaziita filamu za makala. Kwetu makala ni ya kupikia, kwa hiyo nitaendelea kusema filamu za hali halisi. Mtu asidhani ninazipinga. Ninataka ziwe nyingi kuliko zilivyo. Ninachosema ni kwamba filamu iliyochukuliwa Beni au Butembo inapaswa kuonwa Beni au Butembo kabla ya kuonwa mahali pengine popote, na wa kwanza kuiona wawe wale walio ndani yake, katika lugha wanayoielewa.

Mimi ni mtu wa redio, na labda ndiyo sababu jambo hili linanisumbua. Nikimrekodi mama saa nne asubuhi, saa moja jioni anajisikia. Amekaa na majirani, redio iko katikati yao. Kesho yake nikipita sokoni ananishika mkono: “Ulikata maneno yangu. Nilisema askari walichelewa, sikusema hawakukuja.” Ninarudi studioni na kurekebisha. Kazi yetu ina makosa kila siku, lakini msikilizaji yuko karibu, na ukaribu huo unatulazimisha kuwa wakweli. Filamu haina kesho yake. Mama yuleyule akiwekewa maandishi ya Kifaransa chini ya uso wake, yakisema kitu ambacho hakukisema, nani atamshika mkono mtengenezaji?

Kuna waliofanya kazi hii vizuri, na si mbali. Dieudo Hamadi ni mtoto wa Kisangani. Katika Examen d'État, ya mwaka 2014, aliwafuata wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani wa taifa, wengine wamefukuzwa shuleni kwa kukosa pesa za walimu, wakajikusanya katika nyumba moja kujifunza wenyewe. Hakuna bunduki inayolia humo. Hata hivyo mzazi yeyote wa Mangina au wa Lubero akiiona atamtambua mtoto wake. Katika Maman Colonelle ya mwaka 2017 alimfuata Kolonel Honorine Munyole, polisi anayelinda watoto na kupambana na ubakaji, alipohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Kisha mwaka 2020 ikaja En route pour le milliard, juu ya watu walioachwa vilema na vita vya siku sita vya Kisangani, mwezi wa Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu kana kwamba ni uwanja wao. Watu hao wanapanda mashua na magongo yao, wanateremka mto mpaka Kinshasa kudai fidia. Filamu hiyo ilichaguliwa kwa tamasha la Cannes.

Hizo si filamu fupi, zinapita saa moja. Lakini hata mwenye dakika kumi anaweza kujifunza kitu hapo. Hamadi anakaa na watu. Mtu wake ana jambo analolitaka yeye mwenyewe: diploma, haki, fidia. Kamera inamfuata nyuma. Haimwambii mahali pa kusimama. Tena tusidanganyane, si filamu iliyoleta hukumu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kusema mwaka 2005 kwamba Uganda inapaswa kulipa, na tarehe 9 Februari 2022 ikaweka kiasi, dola milioni 325. Filamu ilifanya kazi nyingine: ukisikia tarakimu hiyo leo, unajua ina miguu mingapi iliyokatwa.

Sasa linganisha na vile vifilamu vya dakika tatu ambavyo mashirika mengi yanatengeneza huku. Inaanza na picha ya juu, ya droni, ikionyesha mabati na maturubai. Muziki wa kinanda wa huzuni. Mama analia. Kisha anacheka, kwa sababu amepewa ndoo na sabuni. Kisha nembo ya shirika. Nimeona nyingi kiasi kwamba ninaweza kukuambia ni sekunde gani mama atafuta machozi. Sisemi ndoo haina faida. Aliyelala nje anaijua faida yake. Lakini filamu hiyo ni barua kutoka shirika kwenda kwa mfadhili, na mama ni stempu tu juu ya bahasha.

Swali la nani anamchukua nani picha lilizungumzwa sana Goma. Mholanzi mmoja, Joris Postema, alitoa mwaka 2020 filamu inayoitwa Stop Filming Us, yaani “acheni kutuchukua picha”, akijiuliza kama mgeni anaweza kuonyesha Goma bila kurudia picha zilezile za vita na njaa. Mwaka 2022 Wakongomani wawili, Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa, wakamjibu kwa filamu yao, Stop Filming Us But Listen. Waliongeza neno moja: sikilizeni. Ninawapongeza. Ila kwa maoni yangu shida si rangi ya ngozi peke yake. Mkongomani wa Kinshasa asiyejua Kinande, anayekaa siku mbili katika hoteli ya Beni na kuzungushwa kwa gari la shirika, anaweza kupotoka sawasawa na mzungu. Na wako wageni waliofanya vema katika hili. Fighting the Silence, filamu ya mwaka 2007 juu ya wanawake waliobakwa hapa mashariki, ilitengenezwa na Waholanzi wawili mapacha, Ilse na Femke van Velzen. Baadaye ilizungushwa vijijini kwa sinema ya kutembea, pamoja na shirika la Search for Common Ground, watu wakaiona usiku na kuijadili. Ikiwa iliwezekana wakati ule, na jenereta na kitambaa cheupe, kwa nini leo, wakati kila kijana ana telefone yenye kioo, isiwezekane?

Sisi wa Beni na Butembo tuna sababu yetu ya pekee ya kusisitiza jambo hili. Tunakumbuka Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na kati ya wagonjwa 3,470 walikufa 2,287. Sababu za watu kukataa timu za kupambana na ugonjwa zilikuwa nyingi: mauaji yaliyokuwa yakiendelea, uchaguzi wa Desemba 2018 ulioahirishwa kwetu, magari mengi na pesa nyingi zilizotokea ghafla. Lakini picha nazo zilifanya kazi yake. Watu walichoona katika telefone zao ni watu waliofunikwa mwili mzima wakibeba maiti ya jirani yao. Ndani ya kituo cha matibabu hakuna aliyeona. Nani angeamini? Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Mkameruni wa OMS, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi akiwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo.

Waliowageuza wengi mawazo ni waliopona. Walikuja redioni wakazungumza Kinande na Kiswahili, wakasema walichokula, walikolala, nani aliwapa maji. Wengine wao walifanya kazi katika nyumba za kulea watoto karibu na vituo vya matibabu, Beni na Butembo, wakiwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa sababu wao hawakuogopa tena kuambukizwa. Hiyo ndiyo filamu ya dakika kumi ambayo ilitakiwa kuonyeshwa kwenye ukuta wa kila parokia. Kamera zilikuwepo, tena nyingi. Ila picha zilisafiri kwenda mbali kwanza.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni usalama. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu wanaouawa na ADF. Aliyenusurika akisema mbele ya kamera alichokiona, anasema akiwa bado anaishi kilomita chache kutoka msitu ule. Wenye kamera wanamwambia: usiogope, filamu hii itaonyeshwa Ulaya tu. Maneno hayo hayana maana tena. Kilichoonyeshwa Ulaya asubuhi, jioni kiko katika kundi la WhatsApp huku. Na kufunika uso si dawa. Jirani anakutambua kwa sauti, kwa kitenge, kwa kovu la mkono, kwa mwembe ulio nyuma ya nyumba. Mwanamke mmoja aliyerudi kutoka msituni alinieleza kwamba walimfunika uso vizuri sana, kisha wakaandika chini jina la kijiji chake na umri wake. Katika kijiji hicho aliyerudi mwaka ule ni yeye peke yake. Kama angeonyeshwa filamu kabla haijatoka, angeliona kosa hilo kwa dakika moja. Hakuonyeshwa. Alijua baada ya wakwe zake kuiona.

Kwa hiyo ninyi mliohama makwenu, kamera ikija mlangoni, mna haki ya kuuliza kabla ya kujibu. Filamu ni ya nani, na itaonwa wapi? Nitaiona lini kabla haijatoka? Nikibadili mawazo kesho, nimwite nani? Na karatasi ya kutia sahihi isomwe kwa sauti, kwa Kinande au Kiswahili. Nimeona wazee wakitia kidole juu ya ukurasa mzima wa Kifaransa wakidhani ni orodha ya msaada. Kukataa ni haki pia. Asiyekubali kuchukuliwa picha asifutwe kwenye orodha ya chakula, na akifutwa, aje atuambie.

Juu ya pesa, ninajua wasomaji wengine hawatakubaliana nami. Mimi siungi mkono kununua ushuhuda. Ukianza kulipa machozi, utapata machozi hata pasipo na msiba. Lakini mhami anayelima kwa watu ili alishe watoto jioni, ukimkalisha kutwa mbele ya kamera umemnyima kibarua cha siku hiyo. Kumrudishia kibarua chake na pesa ya motari si rushwa. Wenye kamera nao wanalipwa siku yao.

Na kwa nini tungoje wageni? Butembo imejaa vijana wenye kamera. Kila Jumamosi wako kwenye mahari, kwenye arusi, kwenye mazishi. Wanajua kushika mwanga, wanajua kukata na kuunga, na mashine wanazo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba baba anayelima kakao upande wa Mbau ni filamu pia. Yeye anaingia shambani kwake akijua wenzake waliingia wasirudi, na akifika anakuta wengine wamevuna. Kakao hiyo inashuka Kasindi na kuvuka kwenda Uganda. Anayekula chokoleti huko mbele hajui imechumwa na mtu anayesikiliza kila tawi linalovunjika. Kuna wanawake wanaoleta viazi kutoka Lubero. Kuna mwalimu mhami anayefundisha wahami wenzake bila mshahara. Kuna familia ya Butembo iliyopokea familia tatu katika nyumba ya vyumba viwili, na hakuna shirika lililoandika jina lake, kwa sababu orodha zinaandika waliohama na kusahau waliowapokea. Ningependa kuona hiyo ya mwisho kabla ya zote.

Filamu yoyote ya namna hii ina sauti, na sauti ni kazi yetu. Mtu anaposimulia vizuri, tunaweza kupitisha dakika zake kumi redioni hata bila picha, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili asiye na telefone ya kioo naye asikie. Wanaouza nyimbo kwa kadi kwenye vibanda vya kuchajisha telefone wanaweza kuiweka filamu pamoja na nyimbo. Ukuta mweupe hatukosi, jenereta la arusi linakodishwa. Viongozi wa wahami watoe siku, usiku usiwe mrefu kwa ajili ya usalama, na aliyechukuliwa picha akae mbele, apewe neno la kwanza filamu ikiisha. Akisema kuna kipande kitolewe, kitolewe.

Yeyote mwenye nakala ya filamu iliyochukuliwa kwa wahami wa Oicha, Beni, Butembo au Lubero tangu mwaka 2014, awe mtengenezaji, dereva, mkalimani au mfanyakazi wa shirika, ailete redioni kwenye kadi au kwenye funguo ya USB. Tutaitazama kwanza pamoja na waliomo, mlango ukiwa umefungwa, na wao ndio watakaoamua kama itatoka.